Museo Rosenbach "Live in Studio" (2012): laivu isiyo na watu ni laivu gani? Na mbona inaipiga bao ya 1973?

#1 Kandambili
Wakuu salaam. Wale wachache wa roki ya Kitaliano ya miaka ya 70 njooni huku, wengine piteni kimyakimya.

Kuna hii bendi Museo Rosenbach, ya Liguria, pwani ya Italia karibu na mpaka wa Ufaransa. Mwaka 1973 walitoa albamu moja, Zarathustra, kisha wakasambaratika. Mwaka 2012 watatu kati ya wale wa zamani wakakusanya vijana, wakaingia studio, wakaipiga upya wote kwa pamoja, wakaiita Live in Studio. Wiki nzima sisikilizi kingine na nina mawili ya kusema.

Moja, hiyo laivu ni ya nani? Hakuna shangwe, hakuna mluzi, hakuna mwimbaji anayesema asanteni. Kama ni hivyo basi kila albamu ni laivu, maana kila mpiga gitaa alikuwa hai siku anapiga.

Pili, najua nitarushiwa mawe: ya 2012 ni kali kuliko ya 1973. Ya zamani inasikika kama imerekodiwa ndani ya pipa. Mnaobisha leteni hoja, msilete "ya kale dhahabu".

#2 Mzee wa Santuri
Kijana, hilo pipa unalolibeza ndilo albamu yenyewe. Upande wa kwanza wote ni utungo mmoja wa dakika 20 hivi, vipande vitano, kuanzia L'ultimo uomo mpaka Il tempio delle clessidre. Ule uzito, ule ukungu unaoshuka Mellotron, kile kinanda cha tepu, ikiingia, huwezi kuusafisha ukabaki nao.

Na unalinganisha bendi mbili tofauti. 1973 Mellotron na ogani ya Hammond zilikuwa mikononi mwa Pit Corradi, gitaa kwa Enzo Merogno. Kwenye hiyo yako ya 2012 wote wawili hawapo. Waliorudi ni mwimbaji Stefano "Lupo" Galifi, Alberto Moreno na mpiga dramu Giancarlo Golzi. Moreno mwenyewe aliyekuwa kwenye besi kahamia kinanda, besi kaachiwa mwingine.

#3 Mtani wa Jadi
Afrika Mashariki nzima mko saba mnaosikiliza huu muziki na tayari mnagombana. Nimevuta kiti.

#4 FundiMitambo
Nijibu la kwanza la mleta mada, la pili nawaachia wenye mioyo.

Albamu ya kawaida hutengenezwa kwa vipande. Dramu leo, besi kesho, gitaa wiki ijayo, mwimbaji anakuja mwisho anaimba akiwa na spika za masikioni, wenzake wako makwao. Kila mmoja anaifuata ile saa ya metronomu inayogonga masikioni. Laivu ya studio ni wote mko chumba kimoja au vyumba vyenye vioo, mnaonana macho, tepu inazunguka mara moja. Mpiga dramu akiharakisha, wote mnaharakisha naye. Ndiyo tofauti. Shangwe ni pambo.

Na kuna ushahidi wa sikio. Sauti ya kila chombo inavuja kwenye maiki ya mwenzake. Matasa ya dramu yanaingia kwenye maiki ya mwimbaji. Besi ikishika noti ndefu, zile waya zilizo chini ya ngoma ndogo zinatetemeka zenyewe, chrrrr, bila kuguswa na mtu. Kwenye albamu ya vipande hiyo huipati, kwa sababu besi haikuwa chumbani wakati dramu inarekodiwa.

#5 Ngoma Nzito
Wasee wa TZ mnazunguka sana. Mimi wa Nairobi, nasikiliza metali, kwangu jibu ni moja: 2012 wako na magitaa mawili, 1973 ilikuwa moja. Hesabu imeisha.

#6 Kandambili
Ngoma Nzito umeongea kitu. FundiMitambo shukrani, ila hujanishawishi. Mtu akijua hakuna anayemtazama anaweza kusema "turudie tena" mara kumi halafu akachagua iliyonyooka. Jukwaani hakuna kurudia. Hofu hiyo ndiyo laivu.

#7 Msondo Damu
Kandambili, kwa sheria yako hiyo wazee wetu hawakuwahi kurekodi laivu? Bendi zote za Dar na mikoani zilizopita Radio Tanzania miaka ya 70 na 80 zilipiga hivyohivyo: bendi nzima chumbani, fundi wa redio nyuma ya kioo, taa nyekundu ikiwaka hakuna kukohoa. Mpiga tarumbeta akiteleza mwishoni mwa wimbo, mnaanza upya wote, na muda wa studio ni mchache. Hofu ilikuwepo, tena kubwa kuliko ya jukwaani, maana jukwaani kosa linapita na usiku unaisha. Redioni litarudiwa kila Jumapili mchana nchi nzima.

Baba yangu mdogo alipiga rizimu kwenye bendi moja ya mkoani. Mpaka leo wimbo wao ukipigwa anainua kidole pale alipokosea kodi ya gitaa. Sisi hatulisikii hilo kosa. Yeye analisikia.

#8 Mtani wa Jadi
Msondo Damu umeanza lini kuingia nyuzi za Wazungu? Rudi kwenye ule uzi wa Sikinde, wanakutukana huko.

#9 Mzee wa Santuri
Hoja ya Msondo Damu ni nzito. Niongeze ya Italia kwenyewe: Oktoba 1971 bendi ya Kiingereza Pink Floyd walipiga ndani ya uwanja wa kale wa Pompeii, viti vya mawe vitupu, hakuna mtazamaji hata mmoja zaidi ya wapiga picha na mafundi. Filamu nzima ilipigwa pale. Nani atathubutu kusema ile si laivu?

#10 FundiMitambo
Mzee, si nzima. Sehemu ya ile filamu ilipigwa baadaye studio Paris, wakatia picha za Pompeii nyuma. Zile nyimbo za magofuni kweli ndizo walizopiga papo kwa papo, vyombo vyote vilisafirishwa kwa lori kutoka London.

#11 Mzee wa Santuri
Basi hata nusu yake inanitosha. Hoja yangu ilikuwa viti vitupu.

#12 Binti Malindi
Hamjambo. Mwanipa raha, sikujua kuna waja wengine wajua bendi hii. Huku kwetu Waitaliano wamejaa, wengine tangu siku za mitambo ya San Marco pale Ngomeni, ile ya kurushia setilaiti. Kuna mzee mmoja nilikuwa nikimtunzia nyumba yake Watamu, alikuwa na santuri chungu nzima. Zarathustra alikuwa nayo ile ya kwanza ya kampuni ya Ricordi, jalada jeusi lina uso uliounganishwa kwa vipande vya picha.

Mwazungumza gitaa na maiki, hamtaji hilo jalada. Kati ya vile vipande kuna sanamu ya Mussolini, yule dikteta wa kifashisti. Na mawazo ya nyimbo yamechukuliwa kwa Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, kuna kipande kizima chaitwa Superuomo. Italia ya 1973, vijana wa kushoto na wa kulia wapigana barabarani, bomu la Piazza Fontana la Milano la Desemba 1969 halijasahaulika, watu 17 walikufa. Bendi ikaitwa ya kifashisti, wenyewe wakakana, na redio ikawakwepa. Yule mzee alikuwa akinambia kwamba alipoinunua aliibeba kwenye mfuko wa magazeti, wenzake chuoni wasiione.

Kiza mnachokisikia 1973 ni hicho. Watu wapiga huku wajua nje kunawaka. 2012 ni wazee watulivu wapiga kazi yao njema. Mimi nazipenda zote, lakini kiza ni cha ile ya kwanza.

#13 Kandambili
Binti Malindi umeleta mzigo, ahsante. Lakini tuulizane: mtu asiyejua Mussolini wala Milano, kama mimi nilipoisikia mara ya kwanza, hicho kiza atakisikia? Au tunakisikia baada ya kuhadithiwa?

#14 Mwana wa Unguja
Assalaam aleikum. Nimeona jina Zarathustra nikasema hapa pana jambo letu. Huyo ndiye nabii wa Maparsi, na Maparsi walikuwepo hapa Mji Mkongwe. Freddie Mercury alizaliwa Unguja 1946, Farrokh Bulsara, nyumba ya Kiparsi. Kwa hiyo hawa Wataliano wameimba dini ya kina Freddie. Muungwana ni vyema kumtaja.

#15 Mzee wa Santuri
Waaleikum salaam. Freddie ni wenu, hilo hatukunyang'anyi, na mazishi yake 1991 yaliongozwa na makuhani wa dini hiyo. Ila albamu hii haihusiani na Maparsi. Nietzsche alilichukua jina la nabii akamvisha falsafa yake mwenyewe kwenye kitabu alichokiandika miaka ya 1883 mpaka 1885, na bendi ikachukua kwa Nietzsche.

#16 Mwana wa Unguja
Sasa jina si la nabii? Mwizi wa pili kaiba kwa mwizi wa kwanza, mali ya nani?

#17 Mtani wa Jadi
Hahahaaa Mzee kapatikana.

#18 Ngoma Nzito
Hii thread imeenda Zanzibar na mimi bado niko kwa gitaa. Magitaa mawili jameni.

#19 Mbeba Boksi Genova
Wakuu habari za nyumbani. Mimi niko Genova, nabeba maboksi bandarini kama jina linavyosema, na Jumamosi nazunguka maduka ya santuri za mitumba. Ile ya 1973 halisi ikionekana ni mamia ya euro, huigusi. Kwa hiyo wengi huku nao wameijua kupitia matoleo ya baadaye. Wajapani nao walisaidia sana kuifufua hii roki, walikuwa wanachapa upya albamu za Kitaliano wakati Wataliano wenyewe wamezisahau.

Mmemsahau Lupo Galifi. Kabla ya hiyo ya 2012 alikuwa anaimba na bendi changa ya hapahapa Genova, Il Tempio delle Clessidre, waliojipa jina la kile kipande cha mwisho cha utungo wa Zarathustra. Albamu yao ya kwanza ni ya 2010. Niliwahi kuwaona ukumbi mdogo, watu wamesimama wameshika bia, na alipofungua mdomo bia zikashushwa. Sauti ya mzee ina kokoto ndani. 1973 alikuwa kijana anayepiga kelele kushindana na Hammond. 2012 hashindani na mtu. Kwangu Kandambili yuko sahihi, lakini si kwa sababu ya gitaa.

#20 Ngoma Nzito
Kila mtu ako na sababu yake. Na bado magitaa ni mawili.

#21 Mzee wa Santuri
Mbeba Boksi, sauti ya Galifi nakubali. Ila hakuna aliyegusa Mellotron, na ndiko siri iliko. Mellotron ya M400 ina vitufe 35 na kila kitufe kina utepe wake wa sumaku. Ukibonyeza, utepe unaburutwa juu ya kichwa cha kusomea, unasikia fidla au kwaya iliyopigwa na watu halisi miaka kadhaa nyuma. Sekunde nane hivi utepe umekwisha. Lazima uinue kidole, springi iurudishe, ndipo uanze tena. Angalia wapigaji wake wa zamani kwenye picha, vidole havitulii hata kodi ikiwa moja. Na ukibonyeza vitufe vingi kwa pamoja mota inaelemewa, noti zote zinazama kidogo chini ya pale zilipotakiwa kuwa. Mwili unasisimka, hujui kwa nini.

Siku hizi wengi wanaibeba ndani ya kinanda cha dijitali. Haielemewi, haizami.

#22 FundiMitambo
Sampuli nzuri, yaani sauti zilizonaswa toka mashine halisi, zinabeba mpaka huo mzamo, Mzee. Kuna zinazokatika sekunde ya nane kwa makusudi.

#23 Mzee wa Santuri
Zinazama palepale kila siku. Mashine haikuwa inazama palepale.

#24 FundiMitambo
Hapo sibishi. Ila Kandambili, nikupe jaribio kabla hujawatangazia watu ushindi. Albamu za miaka hii hupandishwa sauti wakati wa kumalizia, sehemu zenye sauti ndogo zinanyanyuliwa zikaribiane na zenye sauti kubwa. Sikio la binadamu likipewa kitu chenye sauti kubwa kidogo linasema hiki ni bora, hata kama ni kilekile. Shusha ile ya 2012 mpaka zilingane kwa kiasi, halafu mpe mtu mwingine kazi ya kubadilisha bila kukuambia ni ipi. Ukichagua 2012 tena, tutakusikiliza.

#25 Mtani wa Jadi
Kandambili kazi unayo. Atapata wapi mtu mwingine wa kukaa naye dakika 40 za hiyo makitu?

#26 Kandambili
Nimemtumia mdogo wangu, nimemlipa soda. Nimechagua 2012 kwenye Il re di ieri na kwenye Superuomo. Kwenye Dell'eterno ritorno nimechagua 1973. Mdogo wangu kasema zote ni za kumwamshia jini, akaomba soda ya pili.

#27 Binti Malindi
Waona! Dell'eterno ritorno ndiyo ya mwisho, na ndiyo iliyo na kiza kingi.

#28 Kandambili
Kiza au mazoea? Maana ndiyo niliyoisikiliza zaidi toka zamani. FundiMitambo jaribio lako lina mwanya hapo.

#29 Mbeba Boksi Genova
Naongeza jina lingine: Golzi. Huyu baada ya Museo kuvunjika alikuwa mwanzilishi wa Matia Bazar hapahapa Genova, mwaka 1975. Bendi ya pop, ya harusi na redio za teksi. Wameshinda tamasha la nyimbo la Sanremo mara mbili, 1978 na 2002. Yeye ndiye aliyebaki mule miaka yote wengine wakija na kuondoka. Kwa hiyo dramu mnazosikia 2012 ni za mtu aliyepiga pop karibu miaka 40: zimenyooka, kila pigo liko pake. 1973 zinakimbia. Sikiliza mwanzo wa L'ultimo uomo zote mbili, dramu tu, achana na vingine.

Alifariki Agosti 2015, kwa hiyo hii ya studio ndiyo nafasi tuliyopata.

#30 Msondo Damu
Apumzike. Hiyo ya mtu wa pop kurudi kwenye nzito naielewa. Wapiga dramu wetu wa dansi waliohamia taarabu ya kisasa wakirudi kwenye dansi unawajua kwa mkono tu.

#31 Mzee wa Santuri
Mbeba Boksi, umejitia kitanzi mwenyewe. Kama 1973 zinakimbia na 2012 zimenyooka, ipi inasikika kama watu walio hatarini? Turudi kwa Kandambili #6: hofu. Kwa kipimo chake mwenyewe ile ya 1973 ni laivu kuliko hii iliyoandikwa laivu.

#32 Kandambili
Mzee hiyo imeniingia vibaya. Nipe muda.

#33 Ngoma Nzito
Mkitaka giza ya ukweli wacheni hii falsafa, wekeni Goblin, bendi ya muziki wa filamu za kutisha. Profondo Rosso 1975, Suspiria 1977. Hiyo Suspiria ukisikiza usiku unawasha taa zote. Na huyo Simonetti wa vinanda alikuwa mtu wa giza maisha yake yote.

#34 Mbeba Boksi Genova
Maisha yake yote? Claudio Simonetti ndiye aliyetunga muziki wa Gioca Jouer na Claudio Cecchetto, 1981. Ule wimbo wa kucheza kwa vitendo: lala, piga chafya, ogelea. Watoto wa chekechea Italia nzima wanaucheza, na kila sherehe ya kuzaliwa lazima upigwe. Kabla ya hapo alikuwa anatengeneza disko.

#35 Ngoma Nzito
Hapana. Kataa.

#36 Mtani wa Jadi
😂😂 Mfalme wa giza anafundisha watoto kupiga chafya.

#37 Binti Malindi
Ni kweli, hotelini huku wachangamsha wageni wa Kitaliano huupiga kila jioni kando ya bwawa. Nimeucheza sana, na sikujua ni mkono huohuo wa Suspiria.

#38 Mzee wa Santuri
Na hata Profondo Rosso haikuwa yao mwanzoni. Dario Argento, mwongozaji wa filamu hiyo, alianza na mpiga piano wa jazi Giorgio Gaslini, wakashindwana, ndipo vijana wakaitwa. Giza ni kazi, Ngoma Nzito, mtu analivaa asubuhi analivua jioni. Kama unataka aliyelibeba mpaka mwisho, tafuta bendi ya Biglietto per l'Inferno wa Lecco, albamu ya 1974. Mwimbaji wao Claudio Canali aliishia kuwa mtawa.

#39 Mwana wa Unguja
Huyo wa jina la tiketi ya motoni ndiye akawa mtawa? Subhanallah.

#40 Kandambili
Nimerudi na jibu la Mzee #31. Hofu ya 1973 ilikuwa ya vijana wasiojua kama watamaliza dakika 20 bila kupotea. Ya 2012 ni ya wazee wanaojua kila noti na wanajua pia kila shabiki anaijua. Ya pili ni mbaya zaidi. Kwa hiyo laivu ninaikubali, na ubora wa 2012 nauacha palepale. Msondo Damu, yule baba yako mdogo anayeinua kidole ndiye aliyenibadilisha kwenye hilo la kwanza.

#41 FundiMitambo
Hofu ya shabiki haivuji kwenye maiki.

#42 Msondo Damu
Fundi, kaa na baba yangu mdogo saa moja uone kama haivuji.

#43 Ngoma Nzito
Sawa, Simonetti mmeniharibia. Basi bendi ya Jacula? Ile In Cauda Semper Stat Venenum ya 1969, kinanda cha kanisa na gitaa nzito kabla ya Black Sabbath kutoa albamu. Hiyo hamna wimbo wa watoto ndani.

#44 FundiMitambo
Ya 1969 kwa maneno ya nani? Ilitoka hadharani 2001. Lile gitaa lina mkwaruzo ambao wengi wanaoujua mtambo wa miaka ile hawauamini kabisa.

#45 Mzee wa Santuri
Hapo mmefungua kaburi jingine. Bartoccetti, mwenye Jacula, alikuwepo, Tardo Pede in Magiam Versus ya 1972 ipo na inajulikana. Hiyo nyingine kila mtu ana kisa chake: wapo wanaosema tepu za zamani zilirekodiwa juu yake, wapo wanaosema yote ni mapya.

#46 Ngoma Nzito
Juu yake vipi? Yaani kinanda cha 1969 na gitaa ya juzi?

#47 FundiMitambo
Ndiyo hicho wanachokisema baadhi yao. Leta dakika ambayo kinanda kinapiga peke yake, nisikilize chumba, halafu leta inayofuata gitaa likiingia. Kama mwangwi wa chumba unabadilika tutajua pa kuanzia.

#48 Mtani wa Jadi
Haya, kabla hamjaanza, nani analipa soda ya mdogo wake Kandambili safari hii?